Kutoka Lanet Hadi Uraiani: Jinsi ya Kumsaidia Mwanajeshi Aliyestaafu Kupata Kazi

Saiba yangu iko Free Area, Nakuru, kando ya barabara ya kuelekea Lanet, penye kambi ya jeshi, kwa hiyo wateja wangu wengi ni wanajeshi, wake zao na watoto wao. Aliyetoka kambini juzi namjua akiwa bado mlangoni. Anasimama wima mbele ya meza ingawa kiti kipo, anangoja nimwambie aketi. Kisha anasema, "Mama, nichapie sivii."

"Umefanya kazi gani?"

"Jeshi."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Huko ulikuwa ukifanya nini hasa?"

"Kazi ya jeshi."

Shida yote imelala katika maneno hayo matatu. Mwajiri wa Naivasha au Kisumu akiyasoma haoni chochote ila bunduki na lango, basi anampa bunduki na lango, na mara nyingi hata bunduki hapewi. Huyu mtu huenda alikuwa akitunza vipuri vya mamilioni, au akiongoza msafara wa malori usiku, au akilisha watu mia tatu mara tatu kwa siku.

Mume wangu alitoka akiwa koplo wa stoo. Tulikosea mambo mengi, mengine kwa gharama. Ninayoandika hapa yametoka kwenye makosa yetu na kwenye karatasi za watu wengine zilizopita mikononi mwangu. Nakuandikia wewe unayemsaidia: mke, kaka, mchungaji, jirani, au mwenye kampuni anayetaka kuajiri. Mstaafu naye asome, ila ninavyowajua, atasema hana haja ya mwongozo.

Jambo moja kabla hatujaanza. Neno "mstaafu" linadanganya. Vijana huandikishwa wakiwa na miaka 18 hadi 26, kwa hiyo wengi hutoka wakiwa na thelathini na kitu au arobaini na kitu, mtoto wa kwanza akiwa ndiyo kwanza anaingia sekondari. Msimtafutie kiti cha kuotea jua. Mtafutieni kazi ya miaka ishirini.

Hatua ya kwanza: karatasi, na mapema

Kama bado hajatoka, anzeni mwaka mzima kabla ya tarehe yake. Kama ametoka, anzeni wiki hii. Karatasi iliyo rahisi kupatikana ukiwa ndani ya lango huwa ngumu ukishakuwa nje, kwa sababu aliyekujua amehamishwa na aliyebaki anakuuliza wewe ni nani.

Kusanyeni hati ya kumaliza utumishi inayoonyesha tarehe ya kuingia, ya kutoka, cheo na mwenendo. Kusanyeni cheti cha kila kozi aliyofanya, hata ile ya wiki mbili anayoidharau. Kozi ya huduma ya kwanza, ya kuzima moto, ya udereva, ya kompyuta, zote. Chukueni na kumbukumbu za hospitali kama aliumia, pamoja na barua zote za pensheni. Zipigeni skani, mzitume kwenye barua pepe yake na yako, kisha asilia zikae kwenye faili ya plastiki. Nilikuwa na mteja kutoka Mumias aliyeweka vyeti vyake kwenye sanduku la mbao nyumbani kwao. Alipokwenda kuvichukua, mchwa walikuwa wamebakisha mihuri.

Halafu linganisheni majina. Hapa pana balaa ya kimyakimya. Kitambulisho kinasema Wafula Joseph Barasa, jeshi linasema Joseph Wafula, KRA, watu wa kodi, inasema Josef. Mwajiri hatapiga simu kuuliza, na pensheni nayo hukwama papo hapo. Kama tofauti ni ndogo, kiapo mbele ya wakili huweza kutosha. Kama ni kubwa, badilisheni rasmi kabla ya kutuma maombi yoyote.

Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, huombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, halafu anakwenda kutoa alama za vidole. Alama huchukuliwa Huduma Centre ya Nakuru, Kisumu na Kakamega, hana haja ya kusafiri mpaka Nairobi. Wengine hukasirika hapa: "Nimelinda nchi, leo nathibitishiwa tabia?" Mwache aseme, kisha mlipie.

Hatua ya pili: itafsirini kazi ya jeshi

Hatua hii haifanywi dakika kumi kwenye saiba huku watu wamepanga foleni nyuma yake. Chukueni daftari la kurasa 48 na jioni mbili. Usimuulize alikuwa na cheo gani. Muulize asubuhi aliamka akafanya nini kwanza. Ni vitu gani alisaini kuvipokea? Ni watu wangapi walingoja neno lake? Kitu gani kikiharibika aliitwa yeye? Ni nini hakikuwahi kupotea mikononi mwake?

Nilivyofanya na dereva mmoja, majibu yalitoka hivi. Aliendesha lori la tani kumi, muda wa miaka kumi na moja. Kila asubuhi alikagua mafuta, maji, breki na matairi, akajaza fomu kabla ya kuwasha injini. Aliendesha kwenye msafara, kwenye matope, usiku bila taa kubwa. Hakupata ajali. Alifundisha madereva wapya sita. Kwenye sivii aliyokuja nayo, haya yote yalikuwa yameandikwa hivi: "Dereva, KDF." Tukaandika upya: dereva wa magari mazito kwa miaka 11 bila ajali, amefundisha madereva sita, ana mazoea ya ukaguzi wa gari kila siku na kuweka kumbukumbu za safari na mafuta. Mwenye malori yanayokwenda Malaba akisoma hiyo "kumbukumbu za mafuta", amepata anachokitafuta usiku na mchana, kwa sababu mafuta ndiko pesa yake inakovujia.

Mtu wa stoo aandike kwamba alipokea, kuhesabu, kupanga na kutoa bidhaa kwa hati, akafanya hesabu ya stoo kila mwezi, akakaguliwa. Aandike pia kiasi: aina ngapi za bidhaa, watumishi wangapi chini yake. Mpishi aseme alipika kwa watu wangapi, alipangaje chakula cha wiki, alihifadhije nyama mahali pasipo umeme. Fundi wa mitambo ataje aina za injini, wala asitaje namba za magari ya kivita.

Mgumu ni yule wa miguu, askari wa kawaida wa bunduki, na ndio wengi. Huyu atakuapia kwamba hajui kitu. Mkalishe. Aliongoza watu tisa au kumi akiwa koplo: aliwagawia kazi, akajua nani anaumwa, nani ana shida nyumbani, nani hapaswi kukaa zamu ya usiku. Huo ni usimamizi, na wasimamizi wengi wa mashamba ya maua hawajawahi kuufanya huku wakiwa na njaa. Anasoma ramani. Anaandika ripoti fupi yenye saa na mahali. Anaongea kwenye redio bila maneno ya ziada. Anajua kufunga jeraha. Anafika kabla ya saa. Yaandike yote kwa lugha ya kawaida.

Mambo ya kuacha nje: majina ya operesheni, kambi alizokaa mpakani au Somalia, idadi ya watu, silaha. Kiapo cha siri hakikomi siku ya kutoka, na mwajiri mwenye akili anaona kwamba anayemwaga siri za mwajiri wa kwanza atamwaga na za wa pili. Picha ya sivii isiwe ya gwanda. Gwanda lenyewe lisivaliwe kabisa. Kulivaa bila ruhusa ni kosa kisheria, hata kama ni shati tu la kufyekea nyasi.

Sivii iwe kurasa mbili. Nimepokea ya kurasa tisa yenye kila zamu.

Hatua ya tatu: ujuzi upate cheti cha uraiani

Fundi wa kweli bila cheti hulipwa kama kibarua. Kwa mafundi wa magari, umeme, uchomeleaji, mabomba na ujenzi, njia fupi ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Una madaraja matatu: la tatu ndilo la kuanzia, la kwanza ndilo la juu. Haumlazimu kukaa darasani miaka miwili ili kuthibitisha anachokijua. Anafanya mtihani wa vitendo na wa maandishi. NITA ina kituo chake Kisumu, kile cha mafunzo ya viwandani, na watu wa magharibi mwa Kenya hawana sababu ya kukimbilia Nairobi. Mtihani wa maandishi ndio huwaangusha wengi. Mikono inajua, kalamu imesahau. Mpe mwezi mmoja wa kusoma, na kama mna mtoto wa sekondari nyumbani, awe mwalimu wake. Kwetu Naliaka alimfundisha babake asilimia na uwiano, na sijui nani alifurahi zaidi.

Kuna pia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini, nje ya darasa. Unasimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za kielimu. Mtu anaomba, anakusanya ushahidi wa kazi zake, anatathminiwa kwa vitendo, na akifaulu anapewa cheti kinachotambulika. Ulizeni chuo kilicho karibu kama kimeidhinishwa kufanya tathmini hiyo kwa fani yake. Kwa anayetaka kusoma hasa, vyuo haviko mbali: Kisumu National Polytechnic, Sigalagala kule Kakamega, Sang'alo kule Bungoma, Eldoret National Polytechnic, na hapa kwetu Nakuru, Rift Valley National Polytechnic, iliyokuwa ikiitwa RVIST.

Dereva aangalie leseni yake kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kuendesha lori la jeshi miaka kumi hakumaanishi kwamba daraja hilo limeandikwa kwenye leseni yake ya uraiani. Lori ni C, lori lenye trela ni CE, magari ya abiria ni D. Akigundua siku ya usaili kwamba ana B peke yake, amechelewa.

Aliyekuwa mhudumu wa afya awe mwangalifu zaidi. Jeshini huenda alishona majeraha, lakini uraiani hawezi kutibu bila usajili wa baraza la fani yake, la wauguzi au la maafisa wa kliniki. Akifungua "kliniki" kijijini kwa ujuzi wa kambini atashikwa, na itakuwa haki. Kama hana usajili, ujuzi wake una soko kwingine: kufundisha huduma ya kwanza na kusimamia usalama kazini. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inadai kila sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama. Viwanda vya sukari na mashamba ya maua yana watu wengi kuliko hao.

Ulinzi nao? Sina dharau na kazi ya ulinzi, imelisha nyumba nyingi mtaani kwetu. Ninachokataa ni iwe jibu la kwanza na la mwisho. Akiichagua, ajue kwamba sheria ya 2016 inataka kila mlinzi wa kampuni binafsi asajiliwe na mamlaka ya ulinzi wa kibinafsi, PSRA, akiwa na mafunzo yanayotambuliwa. Na aombe kazi ya usimamizi wa walinzi, mafunzo, au chumba cha kamera na redio. Sajini wa miaka ishirini kuandika namba za magari langoni ni kupoteza sajini.

Hatua ya nne: kiinua mgongo kilale

Ngoja nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo tulipoungulia.

Pesa ya mume wangu iliingia Ijumaa. Jumatatu kulikuwa na watu watano sebuleni. Mmoja alikuwa binamu ambaye sikuwahi kumwona. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa na matatu ya abiria kumi na wanne, ya mitumba, barabara ya Nakuru kwenda Njoro. Mwenye kutuuzia alisema injini ni mpya. Dereva alileta pesa wiki tatu, wiki ya nne akaleta maneno, na mwezi wa nne injini ile mpya ikafia Egerton. Mume wangu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa alilala, akala na kuvaa kwa mpango wa mtu mwingine, na siku moja akapewa pesa nyingi kuliko alizowahi kushika, akaambiwa aamue.

Hadithi hii ni ya zamani kuliko sisi. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, waliorudi kutoka Burma baada ya vita kwisha mwaka 1945 walikuja na akiba, wakachangishana, wakafungua maduka na kampuni za malori vijijini, na biashara nyingi kati ya hizo zikafa. Walikuwa na pesa, hawakuwa na mazoea ya biashara wala njia ya mkopo, na kila mmoja aliuza kile alichouza jirani.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Miezi sita ya kwanza, pesa hiyo isinunue chochote chenye magurudumu, kuta wala miguu minne. Lipeni karo. Lipeni madeni yenye riba kubwa. Kiasi cha kula kwa miezi sita kikae mahali pa kutoka haraka. Kinachobaki kilale kwenye sako yenye leseni, au kwenye dhamana za serikali, ambazo mtu wa kawaida hununua kuanzia shilingi 50,000 kupitia mtandao wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Benki ikianguka, bima ya amana hurudisha hadi shilingi 500,000 kwa mteja, basi usiweke zote kwenye benki moja.

Ndugu wakija, mpeni mstaafu sentensi ya kujifichia: "Pesa imefungwa hadi mwakani." Ni kweli, na haimvunjii mtu heshima.

Akisisitiza shamba, na wa kwetu magharibi watasisitiza shamba, basi utafutaji ufanywe kwenye ofisi ya ardhi, majirani waulizwe, na ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi ipatikane kabla ya kulipa chote. Na biashara yoyote anayoipenda, afanye kwanza kazi ndani ya biashara ya mwenzake miezi mitatu. Kama anataka kufuga kuku, aende akazoe kinyesi cha kuku wa mtu.

Hatua ya tano: milango ya kugonga

Upande wa Nakuru kuna mashamba ya maua ya Naivasha, yanayohitaji watu wa stoo baridi, usafirishaji na usimamizi wa vibarua. Mitambo ya mvuke ya Olkaria na wakandarasi wake. Hifadhi za wanyama kuzunguka Nakuru na Elmenteita, ambako mtu anayetembea usiku bila hofu na kuandika ripoti asubuhi ni mali. Kampuni za malori zinazotumia barabara kuu ya kwenda Malaba na Busia zinahitaji madereva, na zaidi ya hao, wapangaji wa safari.

Kisumu imebadilika. Bandari imefufuliwa, na kiwanda cha meli cha Kenya Shipyards, kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, kiko pale pale ziwani. Aliyetoka Jeshi la Wanamaji akiwa fundi wa injini au mchomeleaji asipite Kisumu bila kupeleka karatasi. Kuna viwanda vya sukari Kibos, Chemelil, Muhoroni hadi Nzoia. Eldoret kuna kiwanda cha risasi cha serikali, kinachotengeneza pia bidhaa za kiraia.

Serikali za kaunti zisisahauliwe. Vikosi vya zimamoto, usimamizi wa majanga, karakana za magari, yadi: nafasi hutangazwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti, na watu wetu hawaombi kwa sababu wanadhani zina wenyewe. Zingine zina wenyewe. Ombeni.

Kuhusu zabuni: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana mwisho ni miaka 35, basi mstaafu wa miaka 39 amepitwa. Mkewe hajapitwa. Kampuni ikiwa ya mke kwelikweli, yeye ndiye anasaini na kuamua, huku mume akisimamia kazi, nimeona nyumba zikiinuka. Ikiwa jina lake tu limeazimwa, huo ni udanganyifu, tena mnajichongea ugomvi wa nyumbani.

Na chama. DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu, kina watu waliotangulia njia hii. Bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022, kwa hiyo ulizeni Wizara ya Ulinzi ni huduma gani anazoweza kujiandikishia sasa. Lakini kusema ukweli, kazi nyingi ninazoziona zinapatikana zinatoka kwa mwenzake wa zamani aliyetoka miaka mitatu kabla. Mwambie awapigie watu kumi. Asiombe kazi, aombe kuelezwa walivyoingia.

Matapeli wa wenye mafunzo

Mwanajeshi aliyestaafu ana thamani mbaya sokoni pia. Anapigiwa simu: kazi ya ulinzi nje, mshahara mnono, tiketi imelipwa, njoo na pasipoti. Novemba 2025 serikali ilisema Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wameingizwa kwenye jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, na waajiri hawa huwinda pia wenye mafunzo ya kijeshi. Wakala yeyote wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko mtandaoni. Ikague kabla hajatoa pasipoti. Mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma usisainiwe. Na kazi yoyote "ya ulinzi" karibu na vita ni vita.

Hatua ya sita: usaili

Fanyeni mazoezi nyumbani, mezani, na wewe uwe mwajiri. Mambo matatu hujirudia.

La kwanza, anajibu kwa neno moja. Jeshini huo ni uhodari, kwenye usaili unaonekana ni kiburi au hana la kusema. Mfundishe kujibu kwa kisa kifupi: palikuwa na shida hii, nikafanya hivi, ikawa hivi.

La pili, anayemhoji atakuwa msichana wa miaka 27 mwenye kucha ndefu, na ndiye mkubwa wake kuanzia Jumatatu. Kama anashindwa kulimeza hilo, heri ajue mapema. "Ndiyo, afande" ibaki kambini. "Ndiyo, mkurugenzi" au jina analotumia mtu huyo linatosha.

La tatu ni mshahara. Ataambiwa, "Wewe si una pensheni?" Pensheni ni malipo ya kazi iliyokwisha fanywa. Aseme hivyo kwa upole, ataje kiwango cha soko, anyamaze. Kunyamaza anakuweza vizuri. Ajue pia makato yatakayotoka: 2.75% ya SHA, yaani bima ya afya, 1.5% ya nyumba, NSSF ya akiba ya uzeeni, na kodi, asije akadhani ameibiwa kwenye mshahara wa kwanza.

Nawe mwajiri, ukipata nafasi ya kumhoji, usimuulize ameua watu wangapi. Nimesikia swali hilo limeulizwa Kisumu kwenye ofisi yenye zulia. Tangu jeshi letu lilipoingia Somalia Oktoba 2011, na hasa baada ya kambi yao ya El Adde kushambuliwa Januari 15, 2016, kuna watu wanaobeba majina ya wenzao kila siku. Muulize kuhusu kazi unayotaka afanye. Akianza, mpe maelezo yaliyonyooka: nini, lini, nani anaripotiwa. Maneno kama "fanya fanya tu tuone" humchanganya.

Nyumbani, na usiku

Miaka yote alikuja nyumbani kwa likizo, akachinjiwa kuku, akaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu amekuwa mgeni kwa miaka kumi na tisa na hajui jembe linakaa wapi. Mke ana mpangilio wake, watoto wanamwuliza mama ruhusa. Mpeni kazi mahususi ya nyumba yenye saa zake: kupeleka watoto shule, hesabu ya matumizi ya wiki. Wangu alipanga sufuria zangu kwa ukubwa, zote zikielekea upande mmoja. Niliziacha.

Kama halali, anashtuka mlango ukigongwa, anakunywa peke yake, anazungumzia kufa, hilo halisubiri kazi ipatikane. Kuna kliniki za afya ya akili kwenye hospitali kubwa za rufaa, Nakuru, Jaramogi kule Kisumu na Moi kule Eldoret. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo. Wengi hawataki kwenda kwa sababu ya neno "akili". Mwambie anakwenda kutafuta dawa ya usingizi, na mwende wote.

Aliyeumia mwili asajiliwe na baraza la watu wenye ulemavu, NCPWD. Wengi hukataa, wanaona ni kushushwa. Lakini usajili huo ndio unaomfungulia zile zabuni za asilimia 30 bila kujali umri, na huweza kumwondolea kodi kwenye mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi akipata cheti cha msamaha. Mwoneshe hizo hesabu kwenye karatasi, usimhubirie.

Miezi mitatu ya kwanza kazini

Atataka kuacha kazi mwezi wa pili. Wenzake wanachelewa, mkutano unaanza nusu saa baadaye, mtu anaahidi jambo na halifanyiki na hakuna anayeadhibiwa. Kila jioni atarudi na ripoti ya uzembe. Sikiliza, mpe chai, usimwambie aache kulinganisha. Mwombe tu asimripoti mtu yeyote kabla ya siku tisini, na asimsahihishe mkubwa wake mbele ya watu.

Siku ya kwanza ya mume wangu kwenye ghala la Naivasha, alifika saa kumi na moja alfajiri, viatu vinang'aa. Mlinzi akamwambia lango hufunguliwa saa moja. Akasimama pale nje kwenye baridi, wima, saa mbili nzima. Mlinzi yule alikuwa amestaafu kutoka kambi ya jeshi ya Gilgil. Ilipofika saa kumi na mbili alimletea kiti na kikombe cha uji.